Mmea Wako wa Mlimani Haukuiweza Chanika

Shikamoo, kaka Saidi. Najua hutaitikia.

Mmea wako umekufa. Ni ule aliouleta Eliya wa Vugiri, mpagazi mwenzako, siku uliyozikwa. Alikuja na mwili wako kutoka Kilimanjaro, mkononi kashika soksi mbichi. Ndani yake mlikuwa na fungu la majani madogo madogo, yamebanana hata kidole kinapenya kwa shida, limevimba kama andazi. Alituambia kwamba pumzi ilipokuishia uliegemea mmea wa namna hiyo, na walikukuta umechomeka mkono ndani yake. Kule juu, alisema, ndimo mnamobaki joto kidogo. Anajua ni marufuku kung'oa kitu mlimani. Aling'oa.

Nikakumbuka ulivyotuhadithia Idi ile. "Huko juu hata majani yanakumbatiana, sembuse watu." Tulicheka, mama akakuita mwongo.

Desturi yetu unaijua: kaburi hupandwa kitu upande wa kichwa, na kikiwa kibichi tunaamini marehemu anapata nafuu. Wengine wote huotesha mrehani. Mama aliukataa. Alitaka upewe kile kilichokukumbatia. Eliya alimwonya, "Mama, huu haupendi kubembelezwa. Maji kidogo tu." Lakini nani angemzuia mama kukubembeleza? Kila asubuhi alikwenda na ndoo kaburini kwako, nyuma ya nyumba. Jua likipanda, anaufunika kwa kanga aliyoilowesha. Mmea uliozoea barafu ukapikwa polepole na joto la hapa kwetu Chanika, mbele ya macho yangu.

Macho ya mama yameingia ukungu siku hizi, rangi hazioni vizuri. Anapapasa. Na mmea huu, kaka, ukifa haunyauki wala haulali. Unabaki umebanana vilevile. Basi mama anapapasa, anaridhika, anaondoka zake kuchambua mboga, nami nimesimama pale nautazama umekuwa kama majivu. Nilikasirika. Niliuchukia mlima ule, na nilikuchukia wewe uliyetuambia kwamba msimu huu ni wa mwisho, kisha utarudi kulima. Kweli ulikuwa wa mwisho.

Jana mama aliniuliza, "Bado mbichi?" Nilitaka kumjibu ndiyo, kwa sababu akijua umekauka atadhani nafuu yako nayo imekatika. Ulimi uligoma. "Umekufa, mama," nikamwambia.

Aliinama akaupapasa tena, safari hii kwa mikono yote miwili. Akasema, "Na Saidi alikuwa hivi hivi nilipomshika." Kisha akalia. Tangu uzikwe hakuwa amelia, kaka, hata majirani walishaanza kunong'ona. Alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo, nami nikakaa naye, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Leo nimeotesha mrehani. Nilitaka kuung'oa ule mkavu, mama akanikataza. Alisema niuache hapo, nyote wawili mmeshushwa kutoka kwenye baridi.

Kwaheri, kaka yangu. Mrehani nitaumwagilia mimi, na kiangazi kikiuua nitaotesha mwingine. Na kila mama atakaponiuliza kama bado mbichi, nitamwambia kweli.

Mdogo wako,
Mwanaidi