Mhehe Amekalia Kigoda Chetu

Mpwa wangu Neema,

Hujambo huko Madaba? Mjomba wako ni mzima, ila nimekasirika mpaka baridi ya Songea siisikii.

Wale watu wa televisheni wanaozunguka nchi kutazama vitu vya kale wamefika kweli pale makumbusho. Foleni ilikuwa ndefu, lakini waliponiona na kigoda cha babu niliitwa mbele kama waziri. Kamera ikawashwa, nami nikaanza: "Hapa babu alipumzika baada ya kuwatimua Wahehe elfu, peke yake."

Mtaalamu wao akacheka, akakikalia kigoda. "Mtani wangu, mimi ni Mhehe wa Iringa. Hiki ni chetu, babu yako alikiiba. Siinuki mpaka niletewe jogoo."

"Inuka, Mhehe! Ninyi mmezoea kukimbia, kukaa mtakuweza wapi?"

"Leo nimejifunza," akasema, akakunja nne.

Sasa mtani utamfanya nini? Ukikasirika, umeshindwa. Watu wakashangilia, mimi nikacheka meno tu, na mama yako ameniapisha nisirudi bila kigoda! Nakuandikia nikiwa sokoni. Majogoo wote ni wembamba, na nikimpelekea mwembamba atanitangaza nchi nzima.

Mwambie mama yako taratibu, akishashiba. Kipindi kikirushwa, iteni majirani. Aliyekaa ni Mhehe, sawa, lakini jogoo mnono kuliko wote Ruvuma atakuwa ameletwa na mimi.

Mungu awatunze, mwanangu, na mfunike kuni, mvua inakuja huko.

Mjomba wako, Kasiani