Mama Amejamba

Jubail, 9 Machi 1982. Mwaka wa pili wa kazi ugenini tangu niondoke kwetu Mokpo.

Dada Bun-rye,

Barua yako imefika. Niliposoma kwamba Mama amepasuliwa, utumbo haujaamka, na daktari amekataza hata uji mpaka ajambe, niliketi kitandani. Nikageuza ukurasa. Kumbe amejamba, wodi nzima ikapiga makofi, naye akasema, "Mnashangilia ushuzi wa kizee? Hebu nileteeni uji."

Niliwasomea wenzangu bwenini. Mzee Pyo, ambaye mkewe hakujamba mpaka wakamzika, alicheka kwanza, kisha akageukia ukutani.

Asante, dada, kwa kulala sakafuni kando yake. Narudi Septemba mkataba ukiisha. Sikukuu ya mavuno, uji wake nitaukoroga mimi.

Mdogo wako,
Man-seok