Kiwanda Kimegeuka Mapokezi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo wameichukua mashine. Miaka ishirini na sita nimekoboa kahawa ya nusu ya Karagwe, mimi Rwegoshora, fundi mkuu — na leo vijana wa skrepa wameikata kwa gesi vipande vipande, wanapiga miluzi! Mkanda wakautupa nje. Leonidas wa stoo akauokota mbio. Anasema atatengenezea ukoo mzima kandambili.

Mackrine akatukusanya wote saba. Huyu ni binti wa marehemu mwenye kiwanda, nimembeba mgongoni akiwa na kamasi. Leo ana miwani ya jua juu ya nywele, macho yenyewe hayana kitu. Anasema kahawa siku hizi inakwenda kwenye mitambo mikubwa, sisi tumeachwa. Jengo linakuwa ukumbi wa harusi na nyumba ya wageni. Tutafundishwa sote wiki mbili, kisha watabaki wanne.

Nikamwambia, mwanangu, mimi Kampala nimefika mara mbili, Mombasa mara moja, watu nawajua. Wakacheka. Sebahire naye akacheka — wa mwisho, baada ya kututazama midomo.

Jumanne, 4 Februari

Sebahire hasikii. Basi, nimeandika. Sisi wa kiwandani tunajua, Mackrine hajui, alikuwa Dar miaka yote.

Miaka ishirini na mbili Sebahire alimwaga magunia kwenye mdomo wa mashine. Mle ndani hata ungepiga risasi nisingegeuka. Tulisema kwa mikono: ngumi — simamisha. Viganja viwili — leta gunia. Kushika tumbo — mzee mwenye mali anakuja. Hatukuwa na kazi na masikio. Ya Sebahire yakaona hivyo, yakaondoka.

Anatoka Mabira kwa baiskeli, nyumbani watoto watano, shamba dogo kama leso. Asipokuwa kati ya wale wanne, sijui.

Habari ya pamba sitaandika leo.

Jumatatu, 10 Februari

Mwalimu amefika kutoka Mwanza. Anaitwa Winston, viatu vyake vimechongoka mbele, angeweza kutobolea gunia. Somo: kastama kea.

Akaanza mbali. Eti nchi kubwa zilianza na chuma na makaa, moshi juu, kisha viwanda vikafungwa, watu wakahamia kwenye huduma: benki, hoteli, simu, saluni. Ndiyo maendeleo. Nikanyoosha mkono. Wenzetu iliwachukua muda gani, mwalimu? Akasema miaka mia, mia mbili. Nikasema sisi hapa Ndama tumemaliza Jumatatu iliyopita, kabla ya chai!

Darasa likaangua kicheko. Winston akaandika kitu kwenye karatasi yake. Naona ameshanitambua.

Ijumaa, 14 Februari

Majaribio. Winston anajifanya mgeni, anaingia na begi, sisi tunampokea.

Leonidas akawa wa kwanza. Akamkalisha. Akamsalimu, akamuuliza ya safari, ya nyumbani, mvua ya huko, wazazi wazima? Akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akakaa naye. Kimya. Wakatafuna. Winston akangoja, akachoka: "Mbona huniulizi ninataka nini?"

Leonidas akashtuka. "Waitu! Mtu ndiyo kwanza amekaa, nimuulize amefuata nini? Si kumfukuza huko?"

Tukamuunga mkono sote. Kwetu mgeni husema shida yake akipenda, hata kesho. Winston akashika kichwa. Anasema kwa mtindo huu mteja atazeeka kwenye kiti.

Zamu yangu. Nilisema "KARIBU" moja tu, Winston akaruka nyuma. Sauti ya kiwandani hii, haina kipunguzio. Halafu nikamweleza habari za Mombasa. Akanikatisha nikiwa bado stesheni.

Sasa Sebahire! Akasimama wima. Akamkazia Winston macho usoni, kabisa, kama hakuna mtu mwingine duniani. Winston akasema anataka chumba kisicho na kelele. Sebahire akasoma midomo, akatabasamu, akamchukulia begi. Hakumkatisha neno. Winston akageuka kwetu: "Mmeona? Huyu anajua kusikiliza!"

Tulicheka hadi Leonidas akatoka nje. Sebahire akashika tumbo lake akinitazama. Mackrine alikuwa mlangoni.

Jumatatu, 17 Februari

Haya, pamba.

Mwaka wake wa pili kazini, Sebahire alikuja na pamba masikioni. Mke wake Kokuberwa ndiye aliyemwekea, alisikia kwa nesi wa hospitali ya Nyakahanga kwamba inakinga masikio. Nami fundi mkuu, mjuzi, nilimfanya kichekesho cha mwezi. Nilimwita bibi harusi. Nilimwimbia. Watu walikufa kwa kucheka. Mimi nikichekesha nachekesha kweli. Siku ya nne akaja bila pamba.

Basi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi, 20 Februari

Majina yametoka. Leonidas — jikoni. Wasichana wawili wa kuchambua kahawa — vyumba na ukumbi. Mapokezi — Sebahire!

Mimi simo. Mackrine aliniita pembeni, shikamoo mzee Rwegoshora, nikasema marahaba, akaanza kuzungusha maneno. Nikamsaidia: mwanangu, sema tu kwamba natisha watoto. Akacheka, machozi yakamlenga. Akaniomba nimalize wiki nikisaidia kupanga viti. Sawa. Ninayo migomba, ninao ng'ombe, ninao mdomo. Sitakufa.

Jioni Kokuberwa amekuja kwetu na mkungu wa ndizi na jogoo. Anasema kila asubuhi Sebahire anapiga pasi shati mwenyewe, hataki mtu aliguse. Anasema mimi ndiye niliyemfikisha pale, rafiki wa kweli. Mke wangu Prudensia akapokea jogoo. Mimi niliangalia miguu ya jogoo.

Ijumaa, 21 Februari

Balaa! Mackrine ameleta simu ya mezani. Nyekundu. Ameiweka mapokezi, namba imeshabandikwa kwenye mabango mpaka barabarani. Wenye harusi waanze kupiga kesho.

Nikamvuta Sebahire nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia kwa mikono na mdomo, twende tukaseme. Akakataa. Akatumia sauti yake, ile ambayo haijui tena ukubwa wake: "Rwego! Miaka yote nimebeba magunia. Juzi mtu wa wizara aliyekuja kukagua jengo aliniita bwana. Usinionee huruma, nionee wivu!"

Nyumbani Prudensia anasema: ukisema wewe, umemfukuzisha. Usiposema, simu itasema. Nikamuuliza, sasa mke wangu, mbona umenifungia pande zote? Akasema mwenye maneno mengi katika nyumba hii si yeye.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeamua. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mackrine, yumo ndani na watu wa mapambo. Nitamwambia yote, na pamba. Nitamwambia wateja awatazame Sebahire, simu nitapokea mimi, nitajifunza kunong'ona, nimejaribu tangu alfajiri, Prudensia anasema nafanana na nyoka. Ujira mmoja tugawane. Akikataa, basi aniulize mimi kwanza ni nani aliyemharibia Sebahire masikio.

Mlango umefunguka kidogo. "Dakika mbili, mzee." Nimesema sawa. Ndani kikombe kimeanguka.

Kutoka hapa namwona Sebahire vizuri. Shati jeupe. Tai ya Winston.

Simu inaita.

Inaita. Mackrine amesema kitu ndani, viti vinasogezwa. Natakiwa ninyanyuke, na bado naandika, mjinga mimi! Inaita mara ya nne, ya tano. Wasichana wa ukumbi wamesimama na vitambaa mkononi, wananitazama mimi. Mackrine ametoka, amenipita.

Sebahire amekaa wima kabisa mbele ya simu, uso kwenye mlango mkubwa, tabasamu limeshakaa tayari. Anangoja mgeni aingie.