Mfuko Niliosema Utaoza

Jumapili, Mlandege

Na mimi ndiye niliyemwambia itaoza.

Ng'ombe wa Mama amekufa. Leo nilipotoka kanisani nilienda kijijini moja kwa moja, nikamkuta jirani yake, Baba Tumaini, ameshampasua. Tumboni alitoa bonge la mifuko iliyosokotana kama kamba. Nailoni zilikuwa chache. Mingi ilikuwa mbadala, ile ya kijani ninayomwekea Mama sukari na chumvi kila nikienda.

Nailoni zilipopigwa marufuku, wote tuliiita hii mipya mbadala, na kwa kuwa ukiishika ni kama kitambaa, nikaamini ni kitambaa. Nikamwambia Mama, "Hii hata ukiitupa jalalani itaoza tu." Akaniamini, maana mimi ndiye niliyesoma. Leo Baba Tumaini alichukua kipande akakisogeza kwenye moto. Hakikuungua kama nguo. Kiliyeyuka, kikadondoka matone meusi.

Mama hakunilaumu. Bora angefoka. Yule ng'ombe ndiye alikuwa maziwa yake, ndiye mbolea ya shamba lake, na mvua ndizo hizi zinaanza, na mimi hata sijui...

Wakati naondoka alinifungia viazi kwenye mbadala, aliyokuwa ameifua na kuianika vizuri.

"Nisamehe, mwanangu. Ningekuwekea kwenye kikapu, lakini kile cha majani ya milulu nilikupa wewe."

Ni kweli, nilikiomba. Kiko hapa mbele yangu, nimekitundika ukutani sebuleni, pambo.