Simu Moja ya Sirisia

Jumatatu, Machi 3
Chai, kompyuta, macho kuwasha. Kutwa nzima nachambua safari ambazo watu wametafuta kwenye apu ya kampuni. Mtu anaandika alipo na anakokwenda, apu inamwambia basi la kupanda. Penye watafutaji wengi na basi hakuna, ndipo tupeleke basi. Wazo hilo ni langu. Wafula, mwenzangu ofisini, alilibeba kwa bosi kama lake, na leo amefanywa meneja. Akapita mezani kwangu akinisalimia ati niaje. Shenzi.

Jumatano, Machi 5
Basi la Kitale–Bungoma litapitiliza Bungoma hadi mji mmoja zaidi. Ama Sirisia, ama Bumula. Moja tu. Wafula ni wa Sirisia. Ameshawaahidi basi watu wa kanisa lao, mama yake akapigiwa vigelegele. Sasa anangoja hesabu zangu. Angoje.

Alhamisi, Machi 6
Sirisia inaongoza. Chakula kimenishinda kwa hasira. Halafu nikaona: karibu safari zote zimetafutwa kwa simu moja. Kanuni yetu, simu moja ni mtu mmoja, anayerudia hahesabiwi tena. Nikacheka peke yangu. Lazima ni Wafula anayejaza. Nimemshika.

Ijumaa, Machi 7
Nimepiga ile namba. Akapokea mwanamke, Mama Nafula, muuza mboga sokoni Sirisia. Wafula hahusiki hata kidogo. Majirani hawana simu za apu. Wagonjwa wa kliniki ya Kitale, wajawazito, wenye magunia ya maharagwe, wote wanamwendea awatafutie. Wamechoka kushukia Bungoma na kuhangaika na bodaboda.
"Tuliambiwa tukitafuta sana, basi litaletwa," akasema.
Najua ninachopaswa kuandika kwenye ripoti: simu moja, watu wengi. Sitaki kukiandika.

Jumatatu, Machi 10
Nimefuata kanuni. Simu moja, mtu mmoja. Sirisia imezama, Bumula imepanda. Kuhusu Mama Nafula, nilinyamaza. Mbele ya bosi, Wafula aliuliza polepole kama nina hakika.
"Si hesabu ni zako, meneja? Si ulisema ulizibuni wewe?" nikamjibu.
Akazipitisha. Nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, Machi 22
Basi la Bumula limeanza. Huko kwao Wafula anaitwa mwongo, nimesikia. Mama yake hakwenda kanisani kwa aibu. Vizuri. Nimenunua nyama, nimepika, nimekula mpaka nikashiba.

Jumanne, Aprili 1
Wafula amehamishiwa ofisi ya Bungoma. Cheo kilekile, na juu yake pikipiki ya kampuni. Anafika kwa mama yake jioni bila shida yoyote. Nimeumwa kichwa siku nzima.

Jumapili, Aprili 6
Hapa mtaani Tuwan, Kitale, majirani wameniuliza kwa nini nimenuna. Bado namchukia Wafula. Lakini sioni nilichompunguzia.

Alhamisi, Aprili 10
Ile simu bado inatafuta. Sirisia kwenda kliniki Kitale. Tena. Na tena.
Mchana Mama Nafula amenipigia mwenyewe. Hakulalamika. Aliuliza kama kuna mahali wanakosea wakiandika, nimwelekeze, wajaribu upya.
Nikamwambia hawakosei popote.
Akanishukuru sana. Akasema basi wataendelea kutafuta.