Sala Isiyo na Kuinama

Mandewa, Jumatano

Niwie radhi, daftari, kwa kimya cha miezi mitatu. Sikuwa na neno jema la kuandika.

Leo tumemzika jirani yetu. Niliswali sala ya jeneza, isiyo na kuinama wala kusujudu, nikiwa nimesimama tangu mwanzo hadi mwisho, bila maumivu. Sala nyingine zote zinanishinda. Kila nikiinama, pete ya waya iliyobandikwa mgongoni huteleza, na chombo kilichopandikizwa chini ya ngozi kutuliza maumivu ya mguu hukosa umeme. Hapo mguu huanza tena kuwaka kama moto. Betri za kuiendesha pete zimejaa madukani tangu biashara iwe huria. Shida ni pete kutokaa mahali pake.

Mdogo wangu Zuhura, anayenibandikia pete kila asubuhi, alicheka nilipomweleza.

"Basi kaka, usije ukaanza kutuombea kifo ili upate kuswali vizuri!"

Nilimkaripia. Lakini ni kweli, mbele ya lile jeneza nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi huku watoto wa marehemu wakilia kando yangu.

Daktari wa Dar es Salaam ameniandikia kwamba kipo chombo kipya, kinachopokea umeme hata pete ikisogea. Lakini ni lazima anipasue tena karibu na uti wa mgongo, na hakunificha: huenda nisisimame tena.

Nikikataa, nitabaki kuswali kwa ishara, nimekaa kitini. Nikikubali, huenda nikasujudu tena, au nikakosa hata kuisimamia sala ya jeneza.

Zuhura anataka jibu. Nitakapokuwa nimeamua, nitaliandika hapa kwanza, kabla ya kumwambia yeyote.