Korona Haina Mwalimu

Kambi Namba Mbili,
Shamba la Mkonge,
Kimamba, Kilosa.
9 Agosti 1953

Mpendwa Dada Raheli,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Yeremia na watoto. Je, kifua cha mama kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila upweke umenizidi. Tangu wenzangu niliokuja nao wamalize mkataba, sina wa kuongea naye Kinyakyusa.

Nilikuandikia kuwa nimewekwa kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge ili nyuzi zitoke. Sikukuambia nilivyoijua kazi yenyewe. Hapa fundi hafundishi. Anaogopa kwamba akikuonyesha leo, kesho utakaa mahali pake. Niliiba kwa macho, miaka miwili.

Mwezi wa sita alikuja Vitalis wa Njombe, baba wa watoto watatu. Wakamweka kulisha majani siku ile ile aliyoshuka kwenye lori. Alimwuliza fundi mkuu wetu, Wenceslaus, namna ya kushika.

Akajibiwa, "Mimi nilifundishwa na nani?"

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, dada. Nilijua kuwa ukichelewa kuliachia jani, linakwenda na mkono. Nikanyamaza, maana ndiyo desturi yetu. Kabla ya saa sita mashine ilikuwa imemkata vidole vitatu.

Tangu hapo, kila mgeni namwonyesha kazi kabla mashine haijawashwa. Hakuna aliyeumia tena, lakini mafundi wamenisusa. Wenceslaus aliniambia mbele ya wote, "Unawagawia watu ugali wetu." Sasa nala peke yangu. Nikikaribia wanapozungumza, mazungumzo yanakatika.

Vitalis amepewa kazi ya kufagia kiwandani. Nilimwendea, nikamwomba radhi kwa ule ukimya wangu. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kufagia.

Neno lililobaki ni zito. Mkataba wangu huu wa pili unaisha mwezi ujao, na mama nilimwahidi tutakula Krismasi pamoja. Lakini lori jingine la wageni linakuja, na nikiondoka hakuna atakayewaambia lolote. Nimetia sahihi mwaka mmoja zaidi. Mwambie mama kwa upole, akiwa ameshakula.

Nisalimie mdogo wetu Lea na mjomba Petro. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na njia yangu ya kurudi kwenu asiifunge.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nikiwa mbali,
Lupakisyo